Dirisha la Mzee Kisoka

Tangu mashine za kupoza hewa zipigwe marufuku, kila nyumba katika jengo letu inatakiwa kuacha madirisha wazi mchana kutwa. Hewa huingia kupitia nyumba za chini, huvuka hadi kwenye uwazi wa katikati, kisha hupanda na kutokea paani. Sauti nazo hupanda. Ugomvi, maombi, chafya, vyote tunavisikia.

Baada ya kumzika mkewe, Mzee Kisoka wa chini alifunga dirisha lake la ndani, linalotazama uwazi huo. Kwetu juu hewa ikasimama. Mwanangu Tumsifu, mwenye pumu, akaanza kupumua kwa shida. Nilimwachia dada yake, nikashuka.

"Mzee, fungua tafadhali. Mtoto anakosa hewa."

"Jana nililia, mama. Leo muuza maziwa ananirudishia maneno niliyomwambia marehemu." Akanitazama. "Sasa nilie wapi?"

Nilimwomba Mungu anipe jibu.

"Fungua tu, mzee. Sisi tutaimba."

Nikasimama kwenye uwazi wa katikati, nikaanzisha wimbo wa kanisani.

"Kwani kuna harusi?" Bi Mwanaidi aliuliza kutoka ghorofa ya pili.

Nilipomweleza, jengo zima lilisikia. Akachukua kinu chake, akaanza kutwanga kwa nguvu. Wengine wakaitikia wimbo.

Dirisha likafunguka. Upepo ukapanda, mapazia yakacheza, na binti yangu akaniita kutoka juu kwamba Tumsifu anapumua vizuri. Nilimshukuru Mungu kwa machozi.

Tuliimba mpaka jioni. Hakuna aliyethubutu kunyamaza, kwa sababu hatukuwa na njia ya kujua kama mzee bado analia.