Tonge la Kwanza

Askari wa kizuizi cha barabarani aliwapa watoto wawili kipande cha mkate kila mmoja, akasimama kuwatazama wakila. Watu wa kabila lao, waliokuwa wakisakwa mji mzima, walijulikana hivyo: tonge la kwanza huwawekea wafu wao chini.

Tunu alimkazia macho mdogo wake, Siwema, kisha akauma. Siwema naye akauma. Wakala mpaka mwisho.

"Wazazi wenu wako wapi?"

"Sokoni, afande."

"Haya, nendeni."

Walipokata kona, Tunu alitema tonge alilolibana shavuni muda wote, akaliweka chini ya ukuta.

"La mama," alisema.

Siwema hakuwa ameambiwa lolote. Alichuchumaa, akatema la kwake, la baba, akalisogeza taratibu mpaka yakagusana.