Mkate wa Ukutani

"Hivi huo mkate ukutani utaliwa lini?" jirani yake, Tursunoy, aliwahi kumwuliza.

"Mwenyewe akirudi," Risolat alijibu, akaendelea kukanda unga.

Pale Margilan, Uzbekistani, hakuna asiyejua mila hiyo. Anayesafiri huuma mkate mara moja, na uliobaki hutundikwa hadi arudi aumalize. Huo ulikuwa wa Ravshan, mwanawe wa pekee, aliyekwenda Urusi. Ulikuwa umening'inia juu ya tanuri miaka sita, mkavu kama kigae. Alama ya meno ilikuwa wazi bado, na katikati yake palibaki kijiulimi cha mkate, pale jino moja lilipokosekana.

Juzi Tursunoy aliuliza tena. Safari hii Risolat hakumjibu.

Leo ilikuwa siku ya tatu ya mshauri wa biashara pale kwenye kiwanda kidogo cha mikate cha Risolat. Alilala hotelini karibu na stesheni, asubuhi akaja na tai yake na mkoba, akapita kila kona akihesabu mikate kwa Kirusi, chini kwa chini.

"Mkurugenzi," akaanza.

Risolat akageuka nyuma kutazama ni nani anayeitwa.

"Dada, ni wewe," alisema Oyniso, ambaye amebandika mikate kwenye kuta za tanuri lile miaka ishirini. "Umepanda cheo na hiyo aproni yako ya viraka."

"Hilo nalo likome," mshauri akasema. "Kazini hakuna dada, hakuna mama. Undugu ndio unaodumaza biashara ndogo. Kuna kiongozi, kuna wafanyakazi, basi."

"Haya, bwana mkubwa. Na tanuri tuliite nani? Mheshimiwa?"

Mshauri alitaka kucheka, akawahi kuziba mdomo kwa kiganja.

Kisha akasoma mpango wake. Tanuri livunjwe, liletwe jiko la gesi. Mikate ipelekwe maduka ya mji wa Fergana. Oyniso apumzishwe. "Kiongozi asiyeweza kuachia, biashara yake haikui," alisema, na Oyniso akainama akajifanya anatafuta muhuri wa kugongea mikate nakshi.

Chakula cha mchana kilipoletwa, Risolat alitoa zabibu kavu moja moja kwenye pilau ya mshauri, akamsogezea sahani. Mshauri akala huku macho yakiwa kwenye makaratasi.

"Na ule ukutani utupwe," akasema. "Mteja akiuona atadhani ndio mnaouza."

"Astaghfirullah," Oyniso akanong'ona. "Mkate hautupwi."

Siku zote tatu Risolat alikuwa akikubali kila neno, tanuri likienda, shoga yake akienda, na moyoni akimwomba Mungu jambo moja tu. Angekataa, mshauri angeondoka na hasira. Akikubali, ataondoka vilevile. Alikuwa hana pa kushika.

"Sahihi hapa. Treni yangu ni saa tisa."

Akaandika jina lake taratibu, herufi moja moja, kama alivyofundishwa shule ya msingi. Mshauri akapuliza wino ukauke.

Ndipo Risolat akapanda kwenye kigoda, akautoa mkate msumarini, akaupangusa vumbi kwa ncha ya kilemba chake. Akasema Bismillahi. Akauweka juu ya makaratasi, upande ulioumwa ukimwelekea mgeni.

"Tanuri nimelitoa. Oyniso nimemtoa," akasema. "Huu siwezi kukutupia, Ravshan. Umalize."

Mshauri akafungua kinywa, pengo la jino likaonekana, akakifunga. Akachomoa makaratasi chini ya mkate, akayatia mkobani, akatoka.