Mkono wa Kulia

Sare zote za sherehe, za nchi kavu, za anga na zetu nyeupe za wanamaji, hupiga saluti zenyewe. Akipita mkubwa, mkono wa koti hukakamaa na kuuinua wako, utake usitake. Hata sisi wastaafu, harusini ni lazima tuzivae.

Kwenye harusi ya binti yangu Mwaka alialikwa Jenerali Kiondo. Huyu ndiye aliyempeleka mwanangu Sudi mazoezini kwa boti mbovu, kisha akatangaza kwamba Sudi alizama kwa uzembe wake mwenyewe.

Asubuhi nilichukua wembe, nikaufumua mkono wa kulia wa koti langu kuanzia begani.

“Mama, watakukamata!” alisema Mwaka, hina mikononi.

“Waje. Pilau wataikuta.”

Jenerali alipoingia, mikono ya sare zote ukumbini ilipanda kwa pamoja. Mkono wangu, usio na koti, ulishika sahani. Akanijia.

“Sajini, saluti yako iko wapi?”

“Iko nyumbani, afande. Na mwanangu yuko wapi?”

Akageuka, akaondoka bila kula.

Niliporudi nyumbani, nilikuta ule mkono wa koti umejiinua mezani peke yake, unapiga saluti. Sasa nautumia kushikia sufuria za moto. Jenerali akitajwa redioni, mkono huo huanza kutetemeka, nami huongeza moto.