Kilomita Mbili za Bomba

"Hata tone!" mama mkwe alifoka kwenye simu. "Mnasukuma maji au hewa?"

Kinyozi aliomba radhi, akakata simu. Ulikuwa mwezi wa pili sasa wa kusukuma maji. Pampu inayotumia petroli ilinguruma pale mtoni kila asubuhi, na bomba la plastiki lilipanda mlima kilomita mbili nzima hadi kwenye kibanda chake cha mbao, kusiko na umeme wala jirani.

Alikijenga kibanda hicho kwa sababu moja tu. Mama mkwe alikuja kuwatembelea kwa wiki moja. Huu ni mwaka wa nne, na tangu siku hiyo kinyozi hajashika rimoti nyumbani kwake. Alitaka mahali pa kupumua, basi.

Lakini mama mkwe haamini kazi ya mtu. Alipanda mlima mwenyewe, godoro likabebwa nyuma yake, akaketi kulinda koki. "Sitoki hapa mpaka niyaone kwa macho yangu," aliapa. "Yakifika, ndipo nirudi nyumbani kwenu."

Fundi pampu alikuwa karibu kulia. Alishaifungua pampu mara tano na kubadilisha vipuri vyote. Jina lake mtaani lilikuwa linaharibika. Na maagizo kutoka juu hayakukatika: leo sukumeni mapema, Jumamosi sukumeni zaidi.

"Kwani huko anakunywa nini?" fundi aliuliza.

"Kiburi chake," kinyozi alijibu. "Jaza mafuta."

Siku hiyo uzalendo ukamshinda fundi. Alimwachia kinyozi pampu, akapanda mpaka juu kabisa bila kusema anakwenda wapi. Alirudi mbio, jasho linamtiririka, macho yamemtoka pima.

"Bosi! Yule mama anatufanya mabwege! Tangi limejaa mpaka linamwagika! Kafua mapazia, kapanda maua, na nimemkuta kaloweka miguu kwenye beseni, anaimba!"

Kinyozi aligeuka huku na huku kuona kama kuna mtu anayesikia.

"Punguza sauti, fundi. Unafikiri hilo beseni alipelekewa na nani?"

Kisha akachukua simu.

"Shikamoo mama. Pole sana. Fundi anasema bomba zima ni bovu, tunaanza upya. Vumilia huko huko."