Taa ya Mlango wa Tunu

Tangu sheria ipite, kila mlango una taa inayowaka nyekundu aliye ndani akiingiwa na hofu, ili majirani wajihadhari. Asubuhi hiyo Mkejina alikuwa akipepeta mchele barazani alipoona taa ya jirani yake Tunu imewaka.

Zamani angepiga hodi. Sasa alibeba ungo wake mbiombio, akaingia ndani na kukomea mlango.

"Kwa Tunu kuna nini?" Saumu, jirani wa upande wa pili, aliuliza dirishani.

"Sijui, shoga. Labda maji." Alitaja maji kwa kuwa ndoo ilikuwa mbele ya macho yake, basi.

Taa ya Saumu ikawaka. Punde mtaa mzima ukawa mwekundu, watu wanamwaga mapipa na kuapa kwamba mtaa wa pili watoto wanatapika damu. Mkejina naye akamwaga ndoo yake, kasahau kabisa neno lile lilitoka kinywani mwa nani.

Ukutani Tunu alikuwa akigonga. "Dada Mkejina, njoo! Punje ya hindi imemkwama mtoto kooni!"

"Usithubutu!" Saumu alifoka. "Sumu ndivyo inavyoanza!"

Mkejina akaziba masikio.

Baadaye taa ya Tunu ikazima, peke yake mtaa mzima. "Alhamdulillahi," Mkejina alisema, akaenda kumtazama.

Tunu alikuwa amekaa sakafuni, mwanawe mapajani, amemfunika kanga gubigubi. Aliinua macho, akamtazama Mkejina bila hofu yoyote.