Radhi za Bi Kazija

“Nimekuja kukuomba radhi, Mzee Nabhan, kwa doriani zako za bondeni,” alisema Bi Kazija, na mzee akaanza kulia kabla hajamaliza.

Mzee Nabhan hakuwa mtu wa kulia. Alishawahi kumshitaki mtu kwa sheha kwa doriani moja, tena iliyooza. Lakini habari ilikuwa imeshazagaa kutoka Konde mpaka Shumba: daktari wa Wete ameona uvimbe kwenye ziwa la kushoto la Bi Kazija, kipande kimepimwa, na jibu ni saratani. Wa kuupasua yuko Unguja, na zamu ya Bi Kazija ni baada ya siku ishirini na moja.

“Nimekusamehe, mwanangu,” alisema mzee, akijifuta kwa ncha ya kilemba.

“Duniani na akhera?”

“Duniani na akhera.”

“Zote?”

“Hata kama hukuniachia moja.”

“Wifi, umesikia,” Bi Kazija alimwambia Bi Duni, dada wa marehemu mumewe, aliyesimama nyuma yake na mwavuli. Bi Duni akaitikia kwa kichwa.

Kuomba radhi kabla ya safari ni ada. Anayekwenda Makka huomba, anayekwenda kupasuliwa huomba zaidi, na anayeombwa hana njia ya kukataa.

Siku tatu za mwanzo baada ya jibu, Bi Kazija hakutoka. Alilala chali, mkono kaubana kwapani, akihesabu boriti za dari. Watu ndio waliokuja. Mwaka ule wa uchaguzi hata chumvi ilinunuliwa kwa chama, lakini kwake walikuja wa vyama vyote. Walizungumza kwa sauti za matangani, wakamtazama kifua, kisha wakatazama mlango. Siku ya tatu Bi Khairiya, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliuliza ile cherehani atabaki nayo nani.

Asubuhi ya nne Bi Kazija alioga, akavaa buibui lake. “Twende, wifi,” alisema. “Nina radhi nyingi za kuomba.”

Kutoka kwa Mzee Nabhan walikwenda kwa Bi Shariffa, wakamkuta jikoni.

“Shoga, nakuomba radhi kwa kukwambia mbele za watu kuwa pilau lako la Idi ni ubwabwa wenye rangi.”

Bi Shariffa alibaki na upawa mkononi. “Hujapata kuniambia hivyo.”

“Ndiyo maana nimekuja.”

Bi Shariffa akafahamu kuwa amekuwa akisemwa kimoyomoyo miaka yote hiyo. Kisha akasamehe, duniani na akhera.

“Wifi, umesikia.”

Wa mwisho siku ile alikuwa Bi Khairiya. Kwake Bi Kazija aliomba radhi kwa jogoo mwekundu.

“Jogoo gani, mwenzangu? Si huyo hapo juu ya kinu?”

“Huyo huyo. Kanenepa, mashaallah.”

Bi Khairiya alimtazama Bi Duni, akajigusa kipaji. “Nimemsamehe, masikini. Maradhi yashapanda kichwani.” Ilipofika alasiri, soko zima la Konde lilikuwa na habari hiyo.

Siku zikaenda hivyo, nyumba mbili asubuhi, moja jioni. Wakafika mpaka Mgogoni. Bi Kazija akaanza kula. Akaanza hata kucheka njiani peke yake, na kila akicheka Bi Duni alimkumbuka mama yake mzazi. Naye alikuwa mchangamfu wiki yake ya mwisho, akisamehewa na kusamehe, mpaka wakamfunika. Kazija anaaga, alijisemea. Kila baada ya sala Bi Duni aliomba dua moja tu, wifi yake arudi mzima. Hakuthubutu kumuuliza kama na yeye anaiomba.

Siku ya safari, watu walijaa kando ya gari la Wete kuwasindikiza. Bi Shariffa alilia. Mzee Nabhan alikuja na bakora yake, akaushika mkono wa Bi Kazija kwa juu ya shuka lake la begani, akarudia mbele ya watu wote: zote, mwanangu, zote.

Gari likateremka bondeni. Midoriani ya mzee ilikuwa imetoa maua mpaka kwenye matawi ya chini, na mengine yametandaa njiani. Bi Kazija akachungulia nje, akaitazama mti baada ya mti mpaka gari likaimaliza.

Bi Duni hakuweza tena kustahimili.

“Kazija, miaka kumi na minane twalala nyumba moja. Doriani za yule mzee uliziiba lini? Ukazila wapi, harufu yake nisiisikie?”

“Mimi nimesema nimeiba?”

“Si ulimwomba radhi?”

“Nilimwomba akanipa, na shahidi ni wewe.” Bi Kazija aliweka sawa buibui lake upande wa kushoto, akaegemea bega la wifi yake. “Maua yale yataka miezi minne, na mimi n’takuwa nisharudi zamani. Lakini tutaanza na jogoo.”