Malori Saba ya Gwantwa

Krimu ilikuwa imegoma. Tangu asubuhi Witness anaikoroga, anaipaka juu ya keki, nayo inateleza kama uji na kuishia mezani. Keki zilikuwa kumi na mbili, zile ndogo za vikombe, na sukari laini ilibaki ya kuramba tu. Gwantwa, mwenye siku yake ya kutimiza miaka mitano, alikuwa chini ya meza anasubiri matone.

"Mama, malori yangu yako wapi?"

"Yanakuja."

Watoto wengine wa Tunduma wanataka keki za maua na wanasesere. Huyu alitaka malori, kwa sababu baba yake, Luka Kibona, ni dereva, na siku hiyo ilikuwa ya tano amekwama kwenye foleni huko Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Aliahidi kuwahi. Ahadi za madereva Witness alishazizoea, lakini mtoto bado.

Na wageni angemwalika nani? Kwao Galula wazazi walishafariki. Kwao Luka, kule Ihanda, ndiyo usiseme kabisa. Mama mkwe hakutaka hata kumwona. Alipoletewa habari za uchumba alitangaza mbele ya ukoo kwamba hatakula kitu kilichotoka kwenye mkono wa msichana huyo, na harusini hakutia mguu. Luka naye mkaidi, akanyamaza moja kwa moja, mwaka wa sita huu. Kitu kimoja tu alikifanya: mtoto alipozaliwa alimpa jina la mama yake, kama desturi inavyotaka, halafu akasema hayo mazungumzo yaishe.

Kwa hiyo kila siku Witness anaita jina la mtu asiyemtaka. Inauma, asikudanganye mtu.

Saa nne alinyoosha mikono. Akampigia Mama Keki. Namba alipewa na jirani yake Nesta: kuna mama mtaa wa pili, kahamia mwaka jana, anapita majumbani kupamba keki za Krismasi, za kipaimara, za mahafali. Ana mdomo, Nesta alisema, lakini kazi yake utaipenda.

Mama Keki alifika na ndoo ndogo na mfuko begani. Witness alimwacha sebuleni, penye makochi mawili na picha ya harusi, akakimbilia maji ya kunywa. Aliporudi alimkuta bado amesimama, mfuko haujashuka begani.

"Karibu ukae, mama."

"Napumzisha miguu," yule mama akajibu.

Witness hakuwahi kuona mtu anayepumzisha miguu kwa kusimama, ila akamkabidhi maji.

Jikoni Mama Keki alionja krimu, akakunja uso. "Hii uliikoroga au uliitukana? Siagi imeyeyuka yote. Leta beseni la maji baridi."

"Gwantwa, mpishe bibi apite," Witness akasema.

Mtoto akatoka chini ya meza, krimu mpaka kwenye nyusi. Mama Keki alimwangalia, kisha akainama kutafuta kitu ndani ya ndoo yake. Alikitafuta muda mrefu.

Hakupamba yeye. Alimpa Witness kimfuko cha krimu, akaweka mkono wake juu ya mkono wa Witness, akawa anauongoza. Witness akamsimulia habari za malori na za baba aliyekwama kwenye foleni.

"Kila lori libebe herufi moja ya jina lake," akasema. "Tuyapange foleni. Mtoto aone baba yake amezuiliwa na nini."

"Ngoja nihesabu herufi."

"Ni saba," akasema Mama Keki.

Walifanya kazi mpaka saa nane: malori saba mekundu yenye magurudumu ya biskuti, na keki tano zilizobaki wakazifanya kokoto za barabarani. Tangu mama yake afariki hakuna mtu aliyemfundisha Witness kitu kwa upole namna ile. Alitamani jina la mtoto lingekuwa na herufi arobaini.

Mishumaa ikawashwa. Wimbo waliuimba watu wawili tu, na mtoto mwenyewe akiwa wa tatu. Halafu kulishana: Gwantwa akamlisha bibi kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa, kisha mama yake.

"Na mama amlishe bibi," mtoto akaamuru.

Witness alikata kipande, akakinyoosha. Mama Keki alikitazama, akafumba macho, akafungua mdomo.

"Tamu," akasema. Akaomba kingine.

Hapo simu ikaita, na sauti ya Luka ikajaa jikoni. "Nimevuka, mke wangu. Kesho kutwa nipo nyumbani. Hapo uko na nani?"

"Na fundi wa keki tu."

Fundi mwenyewe alikuwa ameshageukia beseni, anaosha bakuli lililokwisha kuoshwa. Simu ilipokatwa alibeba ndoo yake. Witness alimfuata hadi mlangoni na elfu kumi na tano walizokubaliana.

"Mnunulie mtoto viatu," Mama Keki akasema bila kugeuka, akaondoka haraka kuliko miguu yake ilivyoonekana kuweza.

Nyumba ikawa kubwa tena. Witness alifuta meza, akahesabu keki zilizobaki, akaona si vizuri, mtu ametoa jasho lake bure. Akachukua simu amtumie ile pesa. Akaandika namba, akaandika kiasi, na kama kawaida simu ikamwonyesha kwanza jina la mpokeaji, ahakikishe asikosee mtu:

GWANTWA KIBONA.

Witness hakubonyeza kitu. Alifunika keki tatu kwa sahani, akamshika mtoto mkono, akatoka kwenda mtaa wa pili.